Ugumba usio na sababu inayojulikana: maana yake nini?

Hili ni jina wanalopewa wenzi waliokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi, mimba haijashika, na vipimo vya msingi vimetoka vizuri: yai la mke linapevuka, mirija ya uzazi iko wazi, mbegu za mume zinatosha na zina mwendo. Kipimo cha mume kimo ndani ya maana hiyo. Huku kwetu Lindi na Mtwara mke hupelekwa hospitali peke yake, akazungushwa na kwa waganga, na mume hajapimwa hata mara moja. Hapo uchunguzi haujakamilika, na jina hili halijawafaa.

Sababu huwa inaweza kuwepo, ila vipimo vya kawaida havijaiona. Inayojificha sana ni endometriosisi: nyama zinazofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, hata juu ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata kama asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ultrasaundi huonyesha uvimbe wake kwenye ovari, lakini vidoa vidogo huipita; hivyo huonekana kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo. Binti anayelala chini kwa maumivu kila mwezi huambiwa ni chango, litaisha akizaa. Inaniuma, kwa sababu wengine ugonjwa huo huo ndio unaowachelewesha kuzaa.

Matibabu hufuata umri na muda waliotafuta. Mke kijana anaweza kushauriwa asubiri kidogo. Aliyevuka miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita kumwona daktari. Endometriosisi nyepesi ikiondolewa kwa upasuaji wa kamera, nafasi ya kushika mimba huongezeka. Vidonge vya homoni hutuliza maumivu lakini huzuia yai, kwa hiyo si dawa ya kutafutia mtoto. Wengine hupewa dawa za kupevusha mayai, kisha mbegu zilizosafishwa huingizwa ndani ya mji wa mimba. Ikishindikana, kuna upandikizaji, yaani yai na mbegu hukutanishwa maabara. Kwa watu wa kusini hiyo huwa ni safari ya Dar es Salaam na mamilioni ya shilingi.

Kabla ya kufika huko, anzeni hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), mke na mume pamoja, na majibu yote ya zamani mkononi.