Tiba ya seli kwa lupasi kali: dhana potofu na ukweli

Dhana: Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, imepata dawa ya kuiponya kabisa.

Ukweli: Mwezi Machi 2021, katika hospitali ya chuo kikuu mjini Erlangen, Ujerumani, madaktari walimtibu kwa seli zake mwenyewe msichana wa miaka 20 ambaye lupasi ilikuwa imemshambulia figo, huku dawa za kawaida zikishindwa kuidhibiti. Mwaka 2024 timu hiyo, chini ya daktari Georg Schett na wenzake, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 15, wakiwemo 8 wa lupasi. Wote walipata nafuu na wakaacha dawa za kupunguza kinga. Hilo ni jambo kubwa, na wagonjwa wana haki ya kulifurahia. Hata hivyo, walifuatiliwa kwa miezi kati ya 4 na 29 tu, tena bila kundi la kulinganishwa nao; ndiyo maana madaktari husema ugonjwa umetulia, hawasemi umepona.

Dhana: Ni sindano ya seli shina.

Ukweli: Hapana. Mashine huchuja seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) kutoka katika damu ya mgonjwa, kisha maabara huzipandikizia jeni inayoziwezesha kuzitambua na kuziua seli B, seli nyingine za kinga ambazo ndizo chanzo cha kingamwili (protini za kinga) zinazoushambulia mwili. Mgonjwa hupewa kwanza dawa za kemo kwa siku chache, ndipo seli zake hurudishwa kwa dripu.

Dhana: Mgonjwa hubaki bila kinga maisha yake yote.

Ukweli: Kwa wagonjwa watano wa kwanza, seli B zilirejea baada ya wastani wa siku 110 hivi, zikiwa changa, na lupasi haikurejea nazo katika muda waliofuatiliwa. Kingamwili za chanjo za zamani nazo zilibaki kwa kiasi kikubwa.

Dhana: Seli ni zako, basi haziwezi kukudhuru.

Ukweli: Wengi kati ya wale 15 walipata homa, na mmoja alilazwa kwa nimonia. Dawa za kemo zinaweza kudhuru uwezo wa kuzaa, suala zito kwa ugonjwa unaowapata zaidi wanawake vijana. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tiba za aina hii zinazotumika kwa saratani ziwekewe onyo kuhusu saratani ya seli T. Hatari hiyo ni ndogo, lakini wagonjwa hutakiwa kufuatiliwa maisha yao yote.