Kiwanja bei chee, nyumba bei mbaya: hesabu za Dar na Kigoma

Mteja wangu mmoja, mwalimu, alihamishiwa Kigoma akanipigia simu anacheka, eti kapata kiwanja kwa hela ambayo Dar hata choo hujengi. Nikamwambia hongera kaka, ila subiri nikupigie hesabu kwanza. Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu ni kuharibia watu furaha kwa karatasi.

Iko hivi: Dar kinachoua ni ardhi. Ajira ziko huko, bandari iko huko, kwa hiyo ukinunua kiwanja Kinondoni unanunua ukaribu na kazi, sio ule mchanga. Wanaokimbilia Chanika na Kibaha wanaokoa kwenye kiwanja halafu wanakuja kulipa kwenye nauli asubuhi na jioni. Simenti lakini haiwasumbui sana, kiwanda kiko pale pale Wazo. Kigoma ni kinyume, ardhi ipo ila mzigo ukitokea Dar unatembea zaidi ya kilomita 1,200, simenti, nondo, bati, vyote, dizeli ikipanda kidogo tu wewe uliye mwisho wa barabara ndo unaikuta yote kwenye bei, na mshahara wa mwalimu ni skeli ile ile popote alipo! Kinachowaokoa kule ni tofali za kuchoma, udongo upo, simenti inabaki ya sakafu na lipu.

Dodoma nayo ni stori ya peke yake. Uamuzi wa kuhamia ni wa 1973, ila 2016 serikali ilipoanza kuhama kweli, watumishi walifika kabla ya nyumba. Kodi za nyumba zingefanya nini kama si kupanda?

Utaniambia yule mwalimu si akope benki. Kampuni ya TMRC ipo tangu 2010, imeundwa kuzipa benki hela za muda mrefu zikopeshe wajenzi na wanunuzi, lakini riba bado inacheza kati ya 13% na 19%. Chukua milioni 50 kwa 16%, miaka 15: kila mwezi kama 734,000, mpaka unamaliza umelipa milioni 132 na ushee. Mwalimu gani huyo? Na benki inataka hati, wakati viwanja vingi vya mitaani ni karatasi ya mauziano na muhuri wa serikali ya mtaa basi. Ndo maana tunajenga mdogo mdogo, mwaka huu msingi, mwakani boma, hela inalala kwenye kuta huku kodi ya kupanga unalipa palepale.

Juzi kanitumia picha. Kapaua, madirisha kaziba kwa tofali, lipu bado, ila keshahamia.