Je, wajua kwa nini fundi mjanja anatia oili kwenye tundu la plagi kabla hajafungua injini?

Hii nimeielewa baada ya kuliwa hela. Pikipiki yangu ni hizi za Kichina za 125 zilizonakiliwa kutoka Honda CG125, asubuhi ikiwa baridi inawaka kiki ya kwanza, ikishapiga trip mbili tatu ukiizima kijiweni haiwaki tena mpaka ipoe, na mlimani na abiria mmoja tu inalia kama imebeba magunia. Fundi wa kwanza akasikiliza hata dakika haikufika, akasema kompresheni hamna, ringi (zile pete zinazozunguka pistoni) zimekufa, leta pistoni na ringi na silinda tuichonge. Nikaleta. Wiki haikuisha ugonjwa ukarudi vile vile.

Sasa kompresheni ni nini. Pistoni ikipanda na valvu zote mbili (vile vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) zimefunga, ule mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa, kwenye CG125 unabanwa mara 9 hivi, yaani kilichojaa silinda nzima kinasukumwa kwenye kachumba kadogo pale juu ndo plagi ipige cheche. Upepo ukipata pa kutorokea, injini inakosa nguvu, na njia kuu za kutorokea ni tatu: chini kupitia ringi, juu kupitia valvu, au pembeni kwenye gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya silinda na kichwa chake. Kazi yote ya fundi ni kujua ni njia ipi, na hapo ndo wengi wanabahatisha kwa pesa yako.

Fundi wa pili ni mzee mmoja hapendi maneno mengi, akanituma duka la dawa nikanunue bomba la sindano la mililita 5, nikadhani ananitania. Akaniambia nenda kaizungushe mpaka ichemke. Niliporudi akachomoa plagi, swichi akazima, akafunga geji ya kompresheni, akashika resi yote akapiga kiki kama sita mfululizo. Hiyo resi sio mbwembwe, ukipima resi imefungwa kabureta inaziba, injini haipati hewa ya kubana, geji inasoma chini na unahukumu injini nzima kuwa mbovu. Injini ndogo kama hizi zikiwa na afya nyingi zinasoma psi (kipimo cha presha) mia na thelathini kwenda juu, japo kila modeli ina namba yake kwenye kitabu chake. Yangu ikasoma 70.

Ndo akavuta oili nusu bomba, akaimimina kwenye tundu la plagi, akapiga kiki taratibu mara mbili isambae, akapima tena. Maana yake ni hii: oili inatelemka inakaa kuzunguka pistoni, inaziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda kwa muda mfupi. Kama upepo ulikuwa unapitia kwenye ringi, geji inaruka juu sana. Kama unapitia kwenye valvu au gasketi, oili haifiki huko kuziba, geji inabaki karibu pale pale. Yangu ikatoka 70 ikaja 80 na kidogo.

Nikasema si imepanda, basi ni ringi! Mzee akacheka. Hesabu yake ndo imenikaa kichwani mpaka leo: injini ya 124 cc inayobana mara 9, kile kachumba cha juu kana cc 15 na nusu tu, sasa ukimwaga oili cc 2 na nusu mle ndani nafasi imepungua, inabana mara 10 na nusu badala ya 9, kwa hiyo geji lazima ipande kidogo hata ringi ziwe mpya kutoka dukani. Wanaomimina kijiko cha mezani kizima ndo balaa, hapo oili inajaza kachumba karibu chote, geji inasema uongo na ukikanyaga kiki kwa hasira unaweza kuumiza injini.

Ukitaka uhakika zaidi kuna mashine ya upepo ya kujazia matairi. Pistoni iwe juu kabisa valvu zote zimefunga, gia kubwa imeingia na breki ya nyuma imekanyagwa maana upepo utataka kuisukuma, halafu unapuliza kupitia tundu la plagi na kutega sikio. Ukisikia mlio kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, ukitokea kwenye kabureta ni ya kuingizia, ukivuma kwenye tundu la kupimia oili ni ringi (kidogo ni kawaida), gasketi unaipaka maji ya sabuni uone mapovu. Yangu ikapiga mluzi kwenye bomba la moshi.

Tukaiacha ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ndogo juu ya valvu. Kitabu cha CG kinataka uwazi wa milimita 0.08, fila geji ya unene huo (kale kabati kembamba ka kupimia uwazi) ikagoma kuingia, akashika nyembamba zaidi nayo ikagoma. Yaani tapeti ilikazwa hadi mwisho, injini ikichemka valvu inarefuka, haina pa kwenda, inabaki imefunguka kidogo na upepo wote unapita hapo. Ndo maana asubuhi inawaka vizuri.

Na aliyekaza? Fundi wa kwanza, kabla hata ugonjwa haujaanza, lakini kwa amri yangu, mi ndo nilimwambia zile kelele za tapeti zinanikera aziue kabisa. Siku hizi inagonga tik tik tik na abiria wananiuliza kama pikipiki ni mzima, nawaambia ndo inavyopumua hivyo. Pistoni ya zamani ninayo bado kwenye boksi, ringi zake nzima kabisa.