Raga ya ligi: ligi hapa si ligi

Ukisikia mtu akiitwa "mchezaji wa ligi ya raga", ni rahisi kuelewa kama unavyoelewa Ligi Kuu ya soka: upo mchezo wa raga, ipo ligi yake, na huyu bwana anacheza humo. Sivyo. Raga ya ligi ni mchezo unaojitegemea, wenye sheria zake, vyama vyake na Kombe lake la Dunia. Ile tunayoijua wengi huku kwetu, ya wachezaji 15 au ya saba kila upande ambayo Shujaa ya Kenya ilishinda Singapore mwaka 2016, ni raga ya yunioni. Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja waliogombana, na waligombania ujira.

Kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Aliyetoka kwenda kucheza alikatwa malipo ya saa alizokosa, na nyumbani watu walitegemea pesa hiyo hiyo. Klabu za huko zikaomba ruhusa ya kuwafidia. Wakubwa wa chama cha raga wakakataa: raga ni ya kujifurahisha, halipwi mtu. Kwa mwenye mali hilo lilikuwa neno jepesi sana kulitamka. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za Yorkshire na Lancashire walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa na kuunda chama chao. Fidia ikawekwa shilingi sita kwa siku. Mwaka 1898 malipo kamili yakaruhusiwa, lakini kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine halali. Huko Uingereza neno "ligi" lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1922, chama kilipobadili jina kuwa Rugby Football League. Ni jina la chama lililoushika mchezo mzima.

Kiswahili kinamwita mwanamichezo wa namna hii "mchezaji wa kulipwa". Kwenye soka hatulifikirii neno hilo mara mbili. Kwenye raga ya ligi, kulipwa ndiko kulikouzaa mchezo.

Klabu zilizojitoa zilihitaji watazamaji wa kulipa kiingilio, basi zikaanza kuufanya mchezo uende kasi zaidi. Mwaka 1906 wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13 kila upande, na hapo likaingia tendo linalomshangaza kila anayetazama kwa mara ya kwanza. Mwenye mpira akiangushwa, hakuna lundo la watu wa kuugombania. Wanaomkaba wanamwachia, anasimama, anauweka mpira chini mbele ya mguu na kuusukuma nyuma kwa kisigino. Mwenzake anauokota na safari inaanza upya. Walinzi, isipokuwa wale wanaosimama mbele ya mwenye mpira, hurudi mbio mita 10. Timu ina nafasi sita za namna hiyo. Ya sita ikiisha bila trai, yaani bila kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, mpira unakwenda kwa wapinzani hao, ndiyo maana baada ya ya tano mara nyingi utaona unapigwa teke. Trai ni pointi nne, na mkwaju unaofuata ni mbili.

Zidisha tendo hilo kwa dakika 80 utajua kazi ya watu hawa. Mchezaji wa katikati ya ulinzi anaweza kukaba mara 40 katika mechi moja, kila mara anajigonga kwa mtu anayekuja mbio, anainuka, anarudi mita 10, anasubiri mwingine. Mwili unachakaa mapema. Wengi huingia akademi ya klabu wakiwa vijana wadogo, na wakifika miaka ya mwanzo ya thelathini wanaanza kuhesabu misimu iliyobaki.

Rob Burrow ndiye mfano ninaoupenda. Alikuwa na urefu wa mita 1.65 katika mchezo wa majitu. Aliichezea Leeds Rhinos tangu 2001 hadi 2017, klabu hiyo hiyo moja, na kutwaa ubingwa wa Super League, ligi ya juu kabisa ya Uingereza, mara nane. Katika fainali ya 2011 dhidi ya St Helens alijikunja akapita chini ya mkono wa mlinzi, akachomoka peke yake kati ya wanaume walioonekana kama mara mbili yake, akafunga. Mwaka 2019 aligunduliwa ana ugonjwa wa niuroni za mwendo, unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, akatumia miaka iliyobaki kuwatetea wagonjwa wenzake. Alifariki Juni 2024.

Kwa muda mrefu, kusaini mkataba wa ligi kulikuwa na bei yake: yunioni ilikufungia maisha. Billy Boston wa Cardiff, Wales, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alivuka mwaka 1953 kwa pauni 3,000 kwenda Wigan na kuifungia klabu hiyo trai 478. Clive Sullivan, Mweusi mwenzake kutoka mji huo huo, alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia la 1972. Yunioni yenyewe iliruhusu malipo Agosti 1995, karne nzima baada ya Huddersfield, na sasa wachezaji wanavuka huku na huko bila kufukuzwa na mtu.

Wanaoishi kwa mchezo huu peke yake wako hasa Super League ya Uingereza na NRL, ligi kuu ya Australia. Chini ya Super League, wengi bado wana ajira nyingine: mchana mtu yuko kazini, jioni anakwenda mazoezini na begi lake, na wikendi anacheza.