Nchi ndogo, itifaki ileile: dhana potofu kuhusu kupokea mkutano wa mataifa ya visiwa Mwanza

Kamati za maandalizi hapa Mwanza zikikaa kuzungumzia mkutano na nchi za visiwa vidogo, haichukui muda mtu anasema: "Hawa ni wachache, mkoa wetu peke yake unawazidi watu, tusijisumbue sana." Kauli hii inatakiwa ikome, kwa sababu ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya makosa ya siku ya mkutano.

Dhana: Nchi ikiwa ndogo, itifaki yake nayo ni ndogo

Si kweli hata kidogo. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaweka usawa wa mamlaka kwa nchi wanachama wote. Idadi ya watu haimo. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa watu wapatao milioni 3.7 mwaka 2022. Nauru ina kama 12,000 kwenye kilomita za mraba 21. Hata hivyo Rais wa Nauru ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Papua New Guinea ina watu mamilioni, lakini Waziri Mkuu wake ni mkuu wa serikali tu. Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles. Rais wa Nauru na Waziri Mkuu huyo wakija wote wawili, Rais wa Nauru anatangulia: kuingia ukumbini, kukaa, kuhutubia. Ukimsukuma safu ya tatu kwa sababu ya udogo wa nchi yake, umelikosea heshima taifa zima, na picha ya siku hiyo haifutiki.

Panga kwanza kwa cheo: wakuu wa nchi, wakuu wa serikali, mawaziri, mabalozi. Wenye cheo kimoja wapangwe kwa tarehe ya kushika madaraka au kwa alfabeti. Chagua njia moja, itaje kwenye mwongozo wa wajumbe, usiibadilishe katikati. Alfabeti iwe ya Kiingereza na majina yawe yale rasmi ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano Cabo Verde na Timor-Leste. Ukipanga kwa Kiswahili, Komoro inahama kutoka C kwenda K, na vibao vya mezani vinapishana na orodha aliyonayo mjumbe mkononi.

Bendera ndizo zinazoaibisha zaidi. Kila nchi ina uwiano wake wa urefu na upana, hivyo ukinunua hovyo utapata ndefu na fupi kwenye mstari mmoja. Agiza zote kwa kipimo kimoja: sentimita 90 kwa 150 za mlingoti, 10 kwa 15 za mezani, na milingoti iwe na kimo sawa. Bendera ya Mauritius ina mistari minne, nyekundu juu na kijani chini. Ni rahisi sana kuipindua. Ya Shelisheli, miali yake inaanzia kona ya chini upande wa mlingoti. Mfungaji apewe karatasi ya picha za rangi zenye alama ya upande wa mlingoti, na mtu wa pili akague kabla ya alfajiri, si wageni wakiwa getini.

Gari nalo: kila mkuu wa msafara ana gari lake. Kuwapakia mawaziri wawili wa nchi mbili kwenye gari moja "kwa sababu wamekuja watu watatu tu" hakukubaliki.

Dhana: Ujumbe mdogo ni kazi ndogo

Ni kinyume. Nchi kubwa italeta watu 30 na kuwagawa kwenye vyumba vitano. Kisiwa kinaleta wawili, na mtu hawezi kuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja. Ukiweka vikao sambamba umeshamfungia mlango. Msimamo wetu haubadiliki: chumba kimoja, kikao kimoja, na rasimu ya tamko iwafikie wajumbe jioni ya kabla, wasiione kwa mara ya kwanza asubuhi ya majadiliano. Wa Pasifiki wape usiku mzima wa kupumzika kabla ya ufunguzi. Mjumbe wa Tuvalu anatoka kwenye saa zilizotangulia zetu kwa tisa, baada ya kubadilisha ndege mara kadhaa. Ratiba iandikwe 09:00, si "saa tatu".

Dhana: Tarehe yoyote inafaa

Vimbunga vya Atlantiki vina msimu wa Juni hadi Novemba. Pasifiki ya kusini, Novemba hadi Aprili. Mauritius na Shelisheli msimu unafika 15 Mei. Kinachobaki ni nusu ya pili ya Mei. Mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa wa nchi hizi, Antigua na Barbuda 2024, ulikuwa 27 hadi 30 Mei. Kwetu masika huwa yanaisha. Angalia Idi ya kuchinja tu: mwaka 2027 inaangukia karibu na katikati ya Mei, na Wakomoro na Wamaldivi hawataiacha.

Dhana: Wote wanajua Kiingereza

Cabo Verde na São Tomé ni Kireno, Komoro Kifaransa na Kiarabu, Kuba Kihispania. Kila lugha ina kibanda chake chenye wakalimani wawili wanaopokezana kila nusu saa. Mmoja peke yake siku nzima atakosea. Vibanda vielekee jukwaa, na mitambo iwe na yupiesi (UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika), maana jenereta huchelewa sekunde kadhaa kushika na hotuba inakatika.

Dhana: Wamezoea maji, tuwapeleke waogelee ziwani

Ziwa lina kichocho. Boti hadi kisiwa cha Saanane inatosha, kila mtu na jaketi okozi, baada ya kusoma utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Malaria pia: wengi wanatoka nchi zisizo nayo na hawana kinga. Mwongozo uwaambie waanze dawa za kujikinga kabla ya safari, na kila kitanda kiwe na chandarua.

Dhana: Tuwaambie tunawaelewa, nasi tuna visiwa

Viongozi wetu wasiandikiwe hivyo kwenye hotuba. Ziwa lilipofurika 2020 na kumeza mialo, maji yalishuka baadaye; yana njia ya kutokea, Jinja nchini Uganda. Bahari inayopanda kwa Tuvalu haina mlango wa kutokea.