Nani hufuga minyoo ya matende, na wa nini?

Majuzi nilizungumza na kikundi cha akina mama wa Kayole, wengi wao wenyeji wa Kwale na Kilifi. Nilipotaja tu kwamba kuna maabara zinazofuga minyoo ya filaria, yaani wale wanaoleta matende, kikao kikachemka. Haya ndiyo waliyoniuliza.

Yaani kuna mtu analipwa kufuga minyoo?

Yuko, na mshahara wake anautolea jasho. Minyoo hawa hawakubali kuzaliana kwenye chupa. Lazima wapite kwa mbu, kisha kwa binadamu au mnyama anayewafaa. Kwa hiyo mfugaji wa filaria hufuga mbu na panya kwanza, minyoo baadaye.

Ni wale wale wa kwetu Pwani?

Hapana. Matende na mabusha ya Pwani huletwa na Wuchereria bancrofti, ambaye makao yake ni binadamu tu. Ukimtia panya wa maabara, hafiki mbali. Basi watafiti wengi humtumia binamu yake, Brugia malayi, anayeambukiza watu huko Asia ya Kusini na Kusini Mashariki. Huyu hukua vizuri ndani ya panya wa jangwani wa Mongolia.

Wanamfuga vipi hasa?

Damu yenye maikrofilaria, yaani watoto wachanga wa minyoo, hupashwa hadi joto la mwili na kuwekwa juu ya utando mwembamba. Mbu wenye njaa huinyonya kupitia utando huo kutoka upande wa chini. Hutumika Aedes aegypti wa ukoo uliochaguliwa zamani kule Liverpool, kwa kuwa Aedes wengine wengi hawampokei mnyoo huyu. Kabla ya kuwalisha ni lazima uhesabu maikrofilaria kwa hadubini: wakiwa wachache unaambulia patupu, wakizidi wanaua mbu wako.

Mbu walioshiba hukaa kwenye chumba cha nyuzi 27 hivi, chenye unyevu wa asilimia 80, wakifyonza pamba iliyolowa maji ya sukari. Baada ya wiki mbili hivi hupondwa taratibu na kuwekwa kwenye chujio juu ya faneli ya maji vuguvugu yenye chumvi. Lava, yaani maikrofilaria waliokua ndani ya mbu, wakihisi joto hutoka na kuzama hadi chini ya mrija. Unafungua, unawaona kwenye kisahani: vijiuzi vyeupe vya milimita moja na kitu, vinajikunja na kujikunjua bila kuchoka. Mara ya kwanza kuvitazama nilisahau chai yangu nje, nikaikuta imeota utando.

Lava hao hudungwa kwenye tumbo la panya. Baada ya miezi 3 au zaidi wamekuwa wakubwa na wamezaa. Maikrofilaria hukusanywa, na mzunguko unaanza upya.

Mbu mmoja akitoroka humu Nairobi, si tumekwisha?

Hamjaisha. Vizimba vina neti, milango ni miwili miwili, mbu huhesabiwa. Kisha filaria si malaria: haizaliani ndani ya mbu. Maikrofilaria mmoja hutoa lava mmoja, basi. Na mbu hamdungi lava mwilini. Lava hudondoka kwenye ngozi na kujipenyeza kwenye kitundu cha mbu, wengi wakifia njiani. Ndiyo maana mtu huambukizwa baada ya kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka.

Sasa faida iko wapi? Dawa si zipo?

Zipo: DEC, albendazoli na ivamektini. Kasoro yake ni kwamba huwafagia watoto lakini minyoo wazazi wengi hubaki, na mzazi huishi miaka 6 hadi 8. Ndiyo maana Pwani, tangu ugawaji ulipoanza mwaka 2002, watu wamekuwa wakimezeshwa dawa kwa awamu, na mwaka 2018 Lamu na Jomvu walipewa zote tatu kwa pamoja. Kinachotafutwa maabara ni dawa ya kumuua mzazi. Njia mojawapo ni kumpitia Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya mnyoo: ukimuua kwa doksisaiklini, mnyoo jike hukosa uzazi na mwishowe hufa. Dawa mpya haianzi kujaribiwa kwa mtoto wa mtu. Inaanza na hawa wa panya.

Nilihama Malindi miaka 3 iliyopita. Nipimwe?

Ukiwa na shaka, pimwa, ila angalia saa. Maikrofilaria wa Pwani hujaa kwenye damu ya kidole kati ya saa nne na saa nane usiku. Damu ya saa nne asubuhi inaweza kuonekana safi na minyoo wapo. Kuna kipimo cha haraka kinachotafuta alama za mnyoo mkubwa, nacho hufanya kazi saa yoyote, ulizia hicho. Na mguu ukivimba usijipe jina la ugonjwa, maana moyo, figo au damu iliyoganda kwenye mshipa huvimbisha vilevile. Mwambie daktari ulikulia Malindi. Usipolitaja hilo, hapa Nairobi huenda filaria isimpitie hata akilini.