Steringi hafi? Dhana potofu kuhusu The Revenant

Siku The Revenant inapopigwa kwenye kibanda cha muvi, iwe Unga Limited ya Arusha au Majengo ya Moshi, ubishi ni uleule. Mtu araruliwe na dubu, aachwe porini, kisha ajiburute mamia ya kilomita? "Aah, steringi hafi!" Dakika chache baadaye steringi huyohuyo anazolewa na mto wa barafu, anatoka, anawasha moto, na hakuna hata anayeguna. Wamebishia penye historia, wakapitisha penye utunzi.

Dhana: kisa chote ni cha kutunga

Hugh Glass, ndiye steringi wa muvi hii, alikuwepo kweli. Alikuwa mwindaji wa wanyama wa manyoya, na mwaka 1823 alijeruhiwa vibaya na dubu karibu na mto Grand, katika eneo ambalo leo ni jimbo la South Dakota, Marekani. Wenzake wawili waliobakishwa wamtazame mpaka afe, kisha wamzike, walimwacha akiwa hai na kuondoka na bunduki yake. Alifika Fort Kiowa, kando ya mto Missouri, umbali unaokadiriwa kuwa kilomita 320 hivi, yaani Arusha hadi Moshi mara nne. Habari hizo zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1825, na si kwa mkono wake, kwa hiyo chumvi imo. Lakini mtu alikuwepo, na dubu alikuwepo.

Kilichoongezwa ni mtoto. Hakuna kumbukumbu ya kuaminika kwamba Glass alikuwa na mwana, seuze mwana aliyeuawa mbele yake. Theluji nayo imeongezwa. Alishambuliwa Agosti, kiangazi cha kule, kwenye nchi ya nyasi na mabonde ya mito. Simulizi zinasema alikula matunda ya porini, mizizi, na nyama ya ndama wa baisani (nyati wa Amerika) aliyeangushwa na mbwa-mwitu. Kiangazi ndicho kilichompa nafasi. Mwenye majeraha yale kwenye baridi ile ya muvi asingefika popote.

Dhana: ukitoka kwenye maji ya barafu, moto tu unatosha

Hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Ndani ya maji yanayokaribia nyuzi 0, dakika ya kwanza mwili unashtuka na mtu anavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda. Kichwa kikiwa chini, anavuta maji. Ndani ya dakika 10 hivi vidole na mikono vinaishiwa nguvu. Fahamu hupotea baada ya takribani saa moja, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Moto unahitaji vidole, na vidole ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza.

Ile ngozi ya dubu anayojifunika Glass kwenye muvi nayo haisaidii ikiloa. Manyoya hukinga baridi kwa hewa iliyonaswa katikati yake. Maji yakiingia hewa inatoka, unabaki na mzigo mzito wa baridi. Wapagazi wa Kilimanjaro hawahitaji muvi kulijua hili: mvua ya msituni kwenye njia ya Machame ikimlowesha mtu aliyevaa jinzi na fulana ya pamba, usiku kambini ndiyo shida inaanza.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu anatetemeka, anajikwaa, anaongea kama mlevi. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupashwa joto, hali ni mbaya zaidi, wala hajapata nafuu. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zote mbichi, mkaushe, mwingize kwenye mfuko wa kulalia mkavu, na chini yake pawe na godoro la kambi, maana ardhi nayo inanyonya joto. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, na Konyagi kaeni nayo mbali: inamfanya ajisikie joto huku mwili ukilipoteza.

Kulala ndani ya mzoga wa farasi kama Glass wa kwenye muvi, jambo ambalo wengi hulicheka, kuna mantiki kidogo, na kuvua nguo mbichi kwanza ni sahihi kabisa. Ila mzoga hautengenezi joto, unalipoteza tu. Unasaidia saa chache, kisha unaanza kuganda na wewe ukiwa ndani umelowa damu.

Ini bichi? DiCaprio, mwigizaji anayemcheza Glass, alikula ini halisi la baisani. Aliyewahi kukaa olpul, kambi ya Wamasai ya kula nyama porini, akaona figo ikiliwa mbichi hashtuki.

Dhana: mnyama akikuvamia, jifanye umekufa

Dubu wa kwenye muvi ameundwa kwa kompyuta. Wakati wa kurekodi alikuwepo mwigizaji wa hatari aliyevaa nguo za bluu. Kulala kifudifudi na kufunika shingo kwa mikono ni ushauri wa dubu aina ya grizzly anayelinda watoto. Kwa simba, kulala ni kujikabidhi: usikimbie, simama, rudi nyuma taratibu ukimtazama. Nyati ni kupanda mti, na mti usipokuwepo, ndipo unalala chini. Ndiyo sababu Mlima Meru unapandwa na askari mwenye bunduki.

Dhana: alilipiza kisasi

Glass halisi hakumuua mtu. Kati ya wale wawili waliomwacha, yule kijana, ambaye wengi humtaja kuwa Jim Bridger, Glass alimsamehe. Wa pili, Fitzgerald, Glass alimkuta ameshajiunga na jeshi huko Fort Atkinson. Glass alirudishiwa bunduki yake, basi. Waarikara, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walimuua Glass mwaka 1833.

Dhana: Waarikara wanashambulia tu, na picha ni ya giza kwa sababu kopi ni mbovu

Giza ni la makusudi. Mpiga picha Emmanuel Lubezki alitumia karibu mwanga wa asili mtupu, akapata Oscar. Funika madirisha, usiongeze mwangaza wa runinga.

Kosa la vibanda ni kukuza picha ili michirizi myeusi ya juu na chini ipotee. Picha ni pana sana. Ukiikuza ijaze kioo, karibu robo ya upana inakatwa, na mara nyingi maandishi ya chini yanaondoka nayo. Humo ndimo chifu wa Waarikara anasema anamtafuta binti yake, Powaqa, aliyetekwa. Asiyesoma hapo anaona vurugu tu. Rudisha ukubwa wa kawaida. Na kama muvi iko kwenye flashi, faili la maandishi liwe kwenye folda ileile, kwa jina lilelile la faili la muvi, kisha lijaribu kabla hujakusanya viingilio.